Kutoka Dar es Salaam kwa Siku Mbili: Namna ya Kupanga Safari ya Mwisho wa Wiki

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kupumzika nje ya jiji Jumamosi na Jumapili huanza kwa kuuliza ni kilomita ngapi hadi anakokwenda, na jibu analolipata halimsaidii sana. Bagamoyo ipo kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji, na Morogoro ipo karibu kilomita 190. Lakini anayeondoka Posta Ijumaa saa 11 jioni kwa daladala kuelekea Bagamoyo atapita Mwenge, Tegeta na Bunju katika saa ambazo nusu ya jiji inarudi nyumbani, ilhali aliyepanda treni ya mwendokasi saa hiyohiyo anaweza kushuka Morogoro kabla mwenzake hajafika. Tangu treni hiyo ianze kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, Milima ya Uluguru imekuwa karibu na Kariakoo kuliko baadhi ya fukwe ambazo tumezizoea, na mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia jambo hilo: pima safari kwa saa utakazozitumia njiani, kisha ndipo uchague pa kwenda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua muda wote ulio nao, tuseme kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili magharibi, ondoa saa za kulala, kisha jiulize ni sehemu gani ya kilichobaki itamezwa na barabara. Mimi nimejiwekea mpaka: safari ya kutwa isinichukue zaidi ya saa moja na nusu kwenda, safari ya usiku mmoja isizidi saa mbili na nusu, na safari ya usiku mbili isizidi saa nne au tano. Mahali popote panapovuka mpaka huo napaacha hadi sikukuu iangukie Ijumaa au Jumatatu. Watu wengi huharibu mapumziko yao kwa kwenda Lushoto au Kilwa Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili, wakakaa ndani ya basi muda mrefu kuliko waliokaa huko walikokwenda, na Jumatatu wakaingia kazini wamechoka kuliko Ijumaa.

Jiji lina milango michache, na kila mlango una saa zake. Barabara ya Morogoro hupitia Ubungo, Kimara na Mbezi kabla ya kufika Kibaha, Mlandizi na Chalinze. Magari mengi ya mikoani yanatumia njia hiyo, na mabasi huanzia Kituo Kikuu cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kwa hiyo anayekaa Mbagala au Kigamboni ahesabu pia muda wa kufika kituoni. Barabara ya Bagamoyo hutokea Mwenge. Barabara ya Nyerere hupita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto hadi Pugu na Kisarawe. Barabara ya Kilwa hupita Mbagala na Kongowe kuelekea Mkuranga na Rufiji. Upande wa bahari kuna Kigamboni, ambako unafika kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Chagua kwanza mlango ulio karibu na nyumba yako. Mkazi wa Ukonga hana sababu ya kukata jiji zima kwenda kutafuta kivuli Bunju wakati msitu upo nyuma ya nyumba yake.

Kuhusu saa za kuondoka, Jumamosi saa 11 alfajiri ni bora kuliko Ijumaa saa 11 jioni kwa njia zote za barabara. Ukiondoka alfajiri utafika mahali jua likiwa bado la upole, na usiku mmoja wa gesti utakuwa umeuokoa. Kurudi ni suala jingine, nami nitalirudia baadaye kwa sababu lilinifunza kwa gharama.

Msimu nao unahitaji kuangaliwa. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za milimani kuwa utelezi mtupu, na barabara nyingi za udongo Pwani hazipitiki kwa gari dogo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya vipindi, unaweza kubahatika. Miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo niipendayo kwa kutembea, ingawa upepo wa kusi huchafua bahari na anayekwenda visiwani ajiandae kwa mawimbi. Wanaokwenda pwani kuogelea waangalie pia mwezi: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na unaweza kufika ufukweni adhuhuri ukakuta mchanga, mwani na akina mama wanaookota chaza. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni vizuri, lakini ni safari ya kutwa na watu wanavijua, sitavizungumzia zaidi.

Nianze na safari fupi, ambayo ni Kisarawe. Mji huo mdogo upo kilomita zipatazo 35 kusini-magharibi mwa jiji, na daladala zinazotokea Gongo la Mboto hupanda kilima taratibu hadi ukahisi hewa imebadilika. Hapo kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilifunika ukanda huu, na ambayo mkaa wa majiko yetu umeila kwa miaka mingi. Hifadhi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na utaratibu ni kuanzia kwenye ofisi yao, kulipia kiingilio na kuchukua mwongozaji. Usiingie kwa njia za panya hata kama kijana wa bodaboda atakuambia anazifahamu, kwa sababu njia hizo nyingi zilifunguliwa na wakata mkaa na zinaishia popote. Tembea asubuhi kabla ya saa 4, wakati hondohondo bado wanapiga kelele juu ya miti. Baada ya hapo joto huongezeka ndani ya msitu na ndege wananyamaza. Kuna pia machimbo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini ambako popo wamejifanyia makazi kwenye mapango. Ukitaka kuyaona, uliza kwanza kama yanaruhusiwa siku hiyo, na uvae viatu vilivyofunika mguu.

Pugu inampa mgeni kitu kingine kisichohitaji tiketi. Shule ya Pugu, ambayo zamani iliitwa Chuo cha Mtakatifu Francis, ndiko Julius Nyerere alikokuwa akifundisha wakati TANU inaanzishwa Julai 1954, na mwaka uliofuata aliiacha kazi ya ualimu ili aongoze chama. Shule bado ni shule, kwa hiyo hupaswi kuingia darasani kupiga picha, lakini ukisimama barabarani na kuutazama mteremko ule kuelekea mjini utaelewa vizuri zaidi maana ya kuacha mshahara mahali palipo mbali hivyo na Mnazi Mmoja, katikati ya jiji.

Safari ya usiku mmoja ninayoipendekeza ni Bagamoyo, ila kwa mpangilio tofauti na ule wa kwenda hotelini na kulala kando ya bwawa la kuogelea. Daladala hutokea kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam. Ondoka mapema Jumamosi, weka mzigo gesti, kisha nenda kwanza Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, kabla makundi ya wanafunzi hayajafika. Nenda kwa bajaji au bodaboda na umwombe dereva akusubiri au arudi saa mliyopatana. Usitembee peke yako kwa njia ya ufukweni, hasa ukiwa na kamera mkononi. Magofu ya Kaole yana misikiti miwili, ule wa kale ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi 22 ambayo baadhi yake yana nguzo za mawe. Yapo makaburi ambayo watu bado wanayazuru na kuomba dua, kwa hiyo jisitiri kimavazi na usikalie kuta kwa ajili ya picha. Muulize mwongozaji akuonyeshe bahari ilipokuwa: utaona mikoko imejaa pale ambapo zamani majahazi yalitia nanga, na utaelewa kwa nini biashara ilihamia Bagamoyo.

Alasiri rudi mjini. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, ikapitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa, kisha ikawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Unaweza kuuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu ndani ya saa mbili: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na majengo ya misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone ulipitishwa mwaka 1874 baada ya kubebwa na watumishi wake kutoka bara. Makumbusho ya misheni ni mahali pa kukaa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani; wengi huingia, hupiga picha ya mbuyu na kuondoka. Jioni shuka sokoni ufukweni, ambako samaki hunadiwa na kukaangwa palepale kwa kuni, na mafundi wa mashua huacha kazi yao juu ya mchanga. Ukitaka pweza, fika kabla ya saa 12. Baadaye hubaki mikia.

Sasa nifike Uluguru, ambako ndiko hasa ninakotaka umpeleke mwenzako au watoto walio na miguu ya kutembea. Maji yanayotoka bombani Sinza au Tabata, siku yanapotoka, kwa sehemu kubwa ni ya Mto Ruvu, na Ruvu huanzia kwenye milima hii. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinavuka meta 2,600. Ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, milima ya kale ambayo misitu yake ina ndege, vyura na maua yasiyoonekana popote pengine duniani. Yote haya yapo karibu kiasi kwamba unaweza kula chakula cha mchana Ijumaa ofisini kwako na kulala chini ya mlima.

Hatua ya kwanza ni tiketi, na tiketi za treni ya Ijumaa jioni na Jumapili alasiri ndizo zinazokwisha mapema. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa wakati mmoja, siku kadhaa kabla, kwa mtandao wa Shirika la Reli au dirishani. Nauli ya treni ya kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kwa shilingi 13,000. Hakikisha bei ya sasa unapolipa. Jina kwenye tiketi lifanane na lililo kwenye kitambulisho chako, na ufike stesheni mapema, kwa maana kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Treni ya haraka haisimami njiani. Ile ya kawaida husimama vituo kama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, jambo linalomfaa mkazi wa Gongo la Mboto ambaye hataki kwenda kwanza mjini. Stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, hivyo tenga fedha ndogondogo kwa bajaji au daladala.

Jumamosi asubuhi una njia mbili. Ya kwanza ni Morningside, ambayo inatosha nusu siku. Njia huanzia upande wa Boma na kupanda kando ya mto, katikati ya migomba na mashamba, hadi kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Mwenye pumzi za kawaida hupanda kwa saa mbili na nusu au tatu. Anza saa 1 asubuhi, si saa 3, kwa sababu mteremko wa chini hauna kivuli na jua la Morogoro halimwonei mtu huruma. Juu ya nyumba hiyo huanza msitu wa hifadhi, na kuingia huko kunahitaji kibali cha ofisi ya misitu iliyo mjini; kilipie Ijumaa kama utawahi, au mwachie mwongozaji wako kazi hiyo kabla hujasafiri. Kama hutaki kupanda sana, kijiji cha Choma kinakupa mandhari hayohayo pamoja na maporomoko madogo ya maji, na njia yake ni ile wanayoteremkia akina mama wenye mboga na ndizi kichwani kuelekea sokoni. Wapishe. Wao wamebeba mzigo na wewe umebeba chupa ya maji.

Njia ya pili ni ya anayetaka kulala mlimani, nayo ni Mgeta. Gari hupita Mzumbe kisha hukunja kupanda milima hadi Nyandira, mahali ambapo kabichi, njegere, viazi na karoti hulimwa kwenye miteremko ambayo mtu wa Dar angesita hata kusimama. Uliza siku ya gulio kabla ya kupanga, kwa maana siku hiyo usafiri ni mwingi wa kwenda na kurudi, na siku nyingine unaweza kusubiri gari hadi ukachoka. Malazi ni ya kawaida kabisa. Chukua sweta, na usicheke. Usiku wa Julai utaitafuta hata ile kanga uliyoiacha nyumbani. Kutoka hapo unaweza kwenda na mwenyeji hadi kijiji cha Bunduki na maporomoko ya Hululu, safari ya kutwa.

Unapoyaona matuta ya milimani, kumbuka yana historia. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, na mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikatokea. Mzee yeyote aliyekaa kibarazani anaweza kuwa alisimuliwa hayo na wazazi wake, nawe ukiamkia kwa adabu, shikamoo kwanza na maswali baadaye, utapata mazungumzo ambayo hakuna kiingilio kinachoyanunua. Utasikia pia kwamba kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo usishangae ukiambiwa shamba hili zuri ni la bibi fulani na mume wake ni mgeni tu hapo. Kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake, omba.

Kwa wenye siku tatu au nne, hasa sikukuu za Saba Saba au Nane Nane zinapokaa vizuri, ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Haina barabara za magari ndani; mgeni hutembea. Wengi hupanda Sanje, maporomoko yanayoanguka kwa jumla ya meta 170 hivi, na kurudi siku hiyohiyo. Unashukia Mang'ula kwa basi la kuelekea Ifakara, na njiani barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, ambapo tembo na twiga huonekana dirishani bila kulipa chochote. Anayeendesha gari lake azingatie vibao vya mwendo, kwa kuwa kumgonga mnyama kuna faini kubwa.

Kuhusu malipo, viingilio vya serikali havipokelewi kwa noti mkononi. Utapewa namba ya malipo na utalipa kwa simu au benki, hivyo weka salio kwenye simu kabla hujafika mahali ambapo mtandao unapepesuka. Kwa mengine yote, yaani bodaboda, chakula na mwongozaji wa kijijini, beba noti za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu chenji ya elfu kumi ni tatizo kila mahali. Mama lishe wa kijijini hapiki kwa kubahatisha. Mwambie usiku utakula watu wangapi na umwachie fedha ya sokoni. Unapokodi chumba, ulizia maji, ulizia chandarua, kisha ulizia baa ipo umbali gani. Swali la tatu ndilo wageni hulisahau, na muziki wa Jumamosi hauzimwi kwa ajili ya mtu aliyepanda mlima.

Nilisema nitarudia suala la kurudi. Safari yangu ya kwanza ya treni nilinunua tiketi ya kwenda pekee, nikidhani Jumapili nitapata nyingine dirishani. Sikupata. Nilikwenda Msamvu, kituo cha mabasi cha Morogoro, nikapanda basi la saa 10 jioni, tukafika Kibaha giza limeingia, na kutoka hapo hadi Mbezi tulitambaa pamoja na kila gari lililotoka harusini, msibani na shambani; niliingia nyumbani saa 5 usiku. Kama huna budi kurudi kwa barabara, hakikisha umevuka Kibaha kabla ya saa 8 mchana. Kama una treni, chagua ya alasiri, na uondoke mlimani asubuhi, maana gari la Nyandira hushuka likijaa, halifuati saa yako.

Jambo la mwisho ni mboga. Utashawishika kununua, na ununue, kwani kabichi hizohizo utazikuta Kariakoo katikati ya wiki kwa bei nyingine. Lakini usizitie kwenye kiroba kikubwa kilichofungwa kamba. Zigawe kwenye mifuko midogo miwili inayokaa miguuni, njegere juu na viazi chini, ili ukaguzi wa stesheni usikulazimishe kuvimwaga vyote sakafuni huku foleni ikikungoja nyuma.